Mashine Kuukuu ya Mashua: Itengenezwe au Inunuliwe Nyingine?

Katika mambo yanayomkosesha usingizi mwenye mashua, moja ni hili: mashine yake imezeeka, leo yawaka na kesho yakataa, na fundi amekwisha kuifungua mara tatu katika mwaka mmoja. Je, aitengeneze tena, au aiache anunue nyingine? Akiitengeneza, aogopa kutupa fedha baharini. Akinunua mpya, aogopa deni. Na akikaa bila kuamua, mashua hulala ufuoni, wavuvi wake hutafuta chombo kingine, na watoto hungoja ada ya shule.

Shauri hili si geni kwa watu wa Frere Town na mitaa ya Kisauni, ambao maji ya Mto wa Tudor na bahari kuu hayako mbali nao. Na kazi ya kutengeneza kilichovunjika si ngeni kwao pia. Mji ule ulianzishwa na Church Missionary Society katika miaka ya 1874 na 1875 uwe makao ya watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa, baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa mwaka 1873. Mwingereza aliyetumwa kuuleta mkataba huo alikuwa Sir Bartle Frere, na jina la mji lilitokana naye. Miongoni mwa walioujenga walikuwamo Waafrika waliolelewa Nasik, katika Bara Hindi, ambao walikuwa wamefundishwa useremala, uhunzi na kazi nyingine za mikono.

Mfano mmoja mwema wa shauri hili uko karibu na macho ya wakaaji hao. Daraja la kwanza la Nyali, lililofunguliwa mwaka 1931, lilikuwa daraja la kuelea juu ya maji. Kwa kutunzwa na kurekebishwa lilitumika kwa karibu miaka 50, na mwaka 1980 likafuatwa na daraja la saruji linaloonekana hata leo, kwa kuwa magari yalikuwa yamezidi kuwa mengi. Hapa pana funzo. Kitu hubadilishwa kwa sababu mojawapo kati ya mbili: ama chenyewe kimekufa, ama kazi imekizidi nguvu. Mwenye mashua apaswa kujua kwanza ni ipi kati ya sababu hizo iliyomfika. Asipoijua, huenda akazika kilicho hai, au akaendelea kumpaka dawa maiti.

Jambo la kwanza kutazamwa si mashine bali ni chombo chenyewe. Mtu huweza kununua mashine mpya yenye nguvu, akaifunga juu ya mashua ambayo mbao zake zimelegea na misumari yake imeliwa na kutu. Mashine husukuma kwa nguvu zake zote mahali pamoja tu, yaani kwenye ubao wa nyuma ulioishikilia. Ubao huo ukiwa umeoza, utang'oka, na mashine itakwenda chini pamoja na deni lake. Basi mashua na ipandishwe pwani, igongwegongwe ubao kwa ubao, ikalafatiwe upya panapovuja, na mkuku wake ukaguliwe. Ikiwa chombo hakina maisha zaidi ya miaka miwili, hakuna maana kukinunulia mashine ya miaka kumi, ila kama mwenyewe amekwisha kukusudia kujenga chombo kingine cha kuipokea.

Jambo la pili ni kuujua ugonjwa. Mashine nyingi zinazoitwa mbovu hazina maradhi makubwa. Plagi zikiwa na masizi au zimelowa, mashine haiwaki. Petroli iliyokaa miezi mingi ndani ya tangi huacha utando unaoziba vijitundu vya kabureta. Maji yaliyoingia katika petroli huifanya mashine ikohoe na kuzima, na petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huitia joto na kugonga. Gurudumu dogo la mpira lililo ndani ya pampu ya maji huchakaa. Likichakaa, ule mkondo mwembamba wa maji utokao pembeni ya mashine hudhoofika au hukatika. Mwenye mashine aonapo mkondo huo umekatika na azime papo hapo, kwa maana mashine isiyopozwa kwa maji huweza kuharibika kabisa katika dakika chache. Magonjwa hayo yote yana dawa ya bei ndogo, na si sababu ya kutupa mashine.

Magonjwa mazito ni mengine. Fundi mwenye kipimo cha kompresheni hukifunga mahali pa plagi, akavuta kamba, akasoma nguvu ya kila silinda. Silinda zikiwa sawa au karibu sawa, moyo wa mashine ni mzima. Moja ikiwa chini sana kuliko mwenziwe, pana jambo: huenda ni ringi za pistoni zilizoliwa, au ukuta wa silinda uliokwaruzwa. Kisha fundi hufungua mafuta ya gia. Yakiwa yamegeuka rangi ya maziwa, maji yamepita kwenye sili. Yakiwa na vumbi la chuma linalong'aa, meno ya gia yanasagana. Mwisho hutazama kutu. Chumvi ya bahari huila alumini polepole, na huziba njia za maji ndani ya mashine. Ringi hubadilishwa, sili hubadilishwa, hata pistoni hubadilishwa. Lakini mwili wa mashine ukiwa umetobolewa na chumvi, fedha zinazotiwa humo ni sawa na maji yanayotiwa katika pakacha.

Jambo la tatu ni vipuri. Mashine ya kufungwa nyuma ya mashua si kitu cha jana. Ole Evinrude, mzaliwa wa Norwei aliyehamia Marekani, alianza kuuza mashine zake mwaka 1909, akapata wanunuzi wengi. Waingereza walikuwa na Seagull, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1931, mashine sahili ambayo mtu aliweza kuifungua kwa spana chache. Kampuni ya Yamaha ya Japani ilitoa mashine yake ya kwanza ya namna hii mwaka 1960, na baadaye mashine zake ziitwazo Enduro zikaenea sana katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Lakini sifa za zamani hazifungui duka la vipuri. Seagull ziliacha kutengenezwa katika miaka ya 1990, na mwaka 2020 wenye jina la Evinrude nao walitangaza kuwa hawatengenezi tena mashine za mashua. Basi kabla ya kumpa fundi senti moja, mwenye mashine na asome jina na nambari zilizopigwa kwenye kibati chake, aende madukani Mombasa aulize: kipuri hiki kipo? Kikiagizwa chafika lini? Mashine njema isiyo na vipuri ni mbaya kuliko mashine ya wastani ambayo vipuri vyake vyapatikana upande wa pili wa daraja.

Jambo la nne ni hesabu, na hapo ndipo wengi hupotea. Ichukuliwe mfano wa ndugu wawili wa Frere Town waliorithi mashua moja na mashine moja kuukuu. Mashine imezima tena, na ndugu wamekaa chini ya mwembe hawatazamani.

“Kaka,” asema mdogo, “mashine hii imetuaibisha vya kutosha. Tukope tununue mpya, tupumzike.”

“Mdogo wangu,” ajibu mkubwa, “marehemu baba aliitumia mashine hii hii bila kukopa hata senti. Ila yeye alikuwa akiiosha kila jioni kwa maji matamu. Wewe waosha miguu yako tu.”

Wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili hawajahesabu. Fundi mzee aliyeitwa kuamua hawapi hukumu; awapa kalamu. “Wanangu,” awaambia, “andikeni kwanza. Kisha mtagombana kwa jambo mnalolijua.”

Basi waandika. Matengenezo ni shilingi 60,000, na mashine ikitengenezwa vizuri yatarajiwa kufanya kazi miaka 3 zaidi. Hiyo ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Mashine kuukuu hunywa petroli kuliko mpya, hata ikitengenezwa. Ikizidisha nusu lita kwa siku, katika siku 200 za kwenda baharini ni lita 100. Lita ikiwa shilingi 180, hiyo ni shilingi 18,000. Jumla ya mashine kuukuu ni shilingi 38,000 kwa mwaka. Mashine mpya ni shilingi 360,000; ikitunzwa ifanye kazi miaka 10, ni shilingi 36,000 kwa mwaka. Lakini hawana fedha hizo, na riba ya kukopa itakuwa shilingi 60,000 kwa jumla. Kwa hiyo mpya yawagharimu shilingi 420,000, yaani 42,000 kwa mwaka. Mkubwa atabasamu, kwa kuwa kuukuu imeshinda kwa shilingi 4,000.

“Bado hamjamaliza,” asema fundi. “Siku mnazolala pwani kwa ajili ya mashine mmeziandika wapi?”

Hapo wote wawili hunyamaza, kwa maana hakuna aliyeziandika. Katika vyombo vingi vya pwani, mapato ya siku hugawanywa mafungu: fungu la wavuvi, fungu la nyavu, na fungu la chombo. Fungu la chombo, likiisha kutolewa petroli, na liwe shilingi 2,000 kwa siku. Mashine kuukuu ikiwalaza siku 2 kwa mwaka kuliko ambavyo mpya ingewalaza, zile shilingi 4,000 zimekwisha, na hesabu ya mashine mbili ni sawasawa. Ikiwalaza siku 10, wamepoteza shilingi 20,000, na mashine kuukuu yawagharimu 58,000 badala ya 42,000. Wala hapo haijahesabiwa riziki ya wavuvi waliolala nao. Basi jambo lililokuwa kubwa kuliko yote katika shauri lao, yaani siku zilizopotea, ndilo ambalo hawakuwa wameliandika popote.

Hata hivyo deni nalo lina tabia yake. Mashua haiendi siku zote. Tangu Aprili hadi Septemba hivi pepo za kusi huvuma, bahari huchafuka nje ya mwamba, na vyombo vidogo hukaa ndani au hupandishwa pwani. Samaki hupumzika wakati wa kusi, lakini riba haipumziki. Mtu anayekopa na akubaliane na chama cha akiba na mikopo tangu mwanzo kwamba malipo yatakuwa makubwa wakati wa kaskazi na madogo wakati wa kusi. Mkopeshaji akikataa, na mkopaji afikiri mara mbili.

Wale ndugu waliafikiana hivi. Zile shilingi 60,000 walikuwa nazo mkononi. Wataitengeneza mashine wakati wa kusi, ambapo siku haipotei. Fundi ataifungua kwanza na kuonyesha yaliyomo, na akikuta mwili wake umeliwa na chumvi, asiendelee hata kwa senti moja. Kisha kila siku ya kwenda baharini shilingi 600 zitatoka katika fungu la chombo na kuwekwa akiba. Kwa siku 200 hiyo ni shilingi 120,000 kwa mwaka. Na kila siku mashine itakapowalaza pwani, itaandikwa daftarini pamoja na sababu yake. Mwaka ukiisha, ikiwa siku zilizoandikwa ni nyingi, watanunua mpya, na watahitaji kukopa shilingi 240,000 tu badala ya 360,000, nao watakuwa na daftari la kumwonyesha mkopeshaji. Ikiwa ni siku moja au mbili, wataendelea kuweka akiba, na baada ya miaka mitatu watanunua bila deni lolote. Bei za mfano huu zaweza kubadilika kila mwaka. Njia ya kuhesabu haibadiliki.

Pana jambo la tano, nalo haliingii katika daftari. Mashine ikizima ndani ya Mto wa Tudor, mtu hupiga kasia akarudi akichekwa. Ikizima nje ya mwamba wakati wa kusi, si jambo la kuchekwa. Upepo wa kusi humsukuma kuelekea mwamba unaovunja mawimbi, na mkondo wa bahari katika pwani hii huchukua vyombo kuelekea kaskazini, upande wa Kilifi na Malindi. Kwa sababu hiyo mashine ambayo haiaminiki haifai kutoka mlangoni, hata kama hesabu yake ni nafuu. Inaweza kutumika ndani kwa kuvusha mizigo, lakini roho za watu zisiwekwe juu yake. Na hata mashine mpya haiwi sababu ya kuacha tanga, kasia, nanga yenye kamba ndefu na majaketi ya kuokolea. Wazee walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na mwenye nyenzo moja tu hana akiba. Plagi mbili na pini ya rafadha katika mfuko usioingia maji ni mzigo mdogo sana ukilinganishwa na usiku mmoja wa kupeperushwa.

Wengine huona njia ya katikati kuwa ni kununua mashine iliyokwisha kutumika. Njia hiyo ni njema kwa mtu mwangalifu, na ni mtego kwa mwenye haraka. Mashine ya kununuliwa na iwashwe ikiwa baridi, kwa maana muuzaji mwerevu huipasha moto kabla mnunuzi hajafika. Ijaribiwe majini ikiwa imebeba mzigo, si katika pipa. Ipimwe urefu wa mguu wake kama wafaa mashua, kwa kuwa mguu mfupi huinua rafadha juu ya maji na mrefu huongeza mvuto. Nambari zake zisomwe. Zikiwa zimekwanguliwa, huenda mashine hiyo ina mwenyewe anayeitafuta. Hati ya kuuziana na iandikwe mbele ya mashahidi, na viongozi wa BMU, vile vyama vya usimamizi wa fuo vilivyowekewa kanuni mwaka 2007, wajulishwe.

Mwenye kununua mpya naye ana uchaguzi wake. Mashine za mipigo miwili, ambazo mafundi huziita tu-stroki, ni nyepesi, ni rahisi kufunguliwa, na mafundi wengi wa pwani wanazijua. Lakini zile zenye kabureta hupoteza hata robo ya petroli ikitoka nje bila kuungua. Kwa ajili ya moshi huo serikali ya Marekani iliweka sheria mwaka 1996 zilizoziondoa polepole katika soko lake. Mashine za mipigo minne hunywa kidogo na hazitaki mafuta ya kuchanganywa na petroli, ila ni nzito zaidi, bei yake ni ya juu, na zataka fundi aliyesomea. Mtu aendaye mbali kila siku huenda akairudisha bei hiyo kwa petroli atakayookoa. Mtu aendaye karibu, mara chache kwa juma, huenda asiirudishe kamwe.

Iwe kuukuu au mpya, mashine hufa kwa kupuuzwa kabla ya kufa kwa uzee. Kila irudipo baharini na ipitishiwe maji matamu ndani yake hadi chumvi itoke. Mafuta ya kuchanganya yapimwe kwa chombo, si kwa macho, kwa kufuata kitabu cha mashine yenyewe: nyingi za siku hizi hutaka lita 1 kwa lita 50 za petroli, hali Seagull za zamani zilitaka lita 1 kwa lita 10. Kile kipande cha zinki kilichofungwa chini kisipakwe rangi, kwa maana kimewekwa hapo ili chumvi ikile chenyewe na kuiacha alumini. Kikibaki nusu, kibadilishwe. Na mashine ikianguka majini, isiachwe juani ikauke. Ioshwe mara moja kwa maji matamu, plagi zitolewe, maji yamwagwe, itiwe mafuta, na ipelekwe kwa fundi siku hiyo hiyo, kwa kuwa kutu huanza kazi mara tu hewa inapokutana na chuma kilicholowa.

Mambo haya hayawahusu wavuvi peke yao. Mkulima mwenye pampu ya kumwagilia mboga, na karani mwenye pikipiki ya kwendea kazini, watakutana na shauri lilo hilo siku moja. Nao wafanye vivyo hivyo: watazame kwanza kile kinachobebwa na mashine, waujue ugonjwa, waulize vipuri, waandike gharama zote pamoja na siku zilizopotea, na wapime hatari. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Lakini mhunzi naye na ajue ni koleo lipi la kuungwa, na lipi la kutupwa katika vyuma chakavu.